Ulaya kwa Vitalu

Siku ya tatu baada ya Krismasi, Glenys Pullar alimaliza kuosha vyombo vya mchana, akachukua kitambaa kilekile cha kukaushia sahani, akafuta ubao wote wa malisho, tangu kitalu cha kwanza hadi cha thelathini na sita. Halafu akachora Ulaya.

Mumewe, Neville, alikuwa mezani na roli ya jibini mkononi, kipande cha mkate kilichokunjwa na kuokwa, akasahau kuila. Ubao ule mweupe ulitundikwa pale jikoni mwaka waliolinunua shamba lao nyuma ya mji mdogo wa Otautau, kusini kabisa mwa dunia, na haukuwahi kubaki mtupu hata siku ya mazishi ya mama yake. Ndio uliosema ng'ombe mia tatu wanalala wapi leo na kesho watafunguliwa malisho yapi. Pembeni palikuwa na sumaku yenye umbo la ng'ombe, na Glenys ndiye pekee aliyeruhusiwa kuisogeza.

"Wewe mama," Neville akasema, "na ng'ombe watalala wapi?"

"Kitalu cha ishirini na mbili. Kesho cha tisa." Hakugeuka. "Ya ng'ombe ninayo kichwani, Nev. Ulaya ndiyo sina."

"Ulaya ya nini tena?"

"Ya kwenda. Wewe na mimi. Juni."

Neville akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Kwa watu wa kule, kijana akishamaliza shule na kuonja kazi kidogo, hubeba shanta mgongoni akaenda Ulaya kutanga na njia mwaka mmoja au miwili, alale popote, ale chochote, kisha arudi awe mtu mzima. Wanaiita Safari Kubwa, na asiyekwenda huonekana ana deni fulani na dunia. Glenys alinunua shanta lake, la turubai ya kijani, akiwa na miaka ishirini na moja. Tiketi yake ilikuwa ya mwezi wa tano. Mwezi wa tatu baba yake Neville akaanguka kutoka kwenye trekta, akavunjika nyonga, na Neville akaachiwa ng'ombe wote. Akamwendea Glenys na kofia mkononi: tuoane, tukamue miaka miwili mitatu, halafu tutakwenda wote. Miaka miwili mitatu ikawa thelathini na sita. Shanta likageuka kuwa la kubebea misumari ya uzio.

Na si kwamba alikuwa amemdanganya. Mfugaji wa maziwa hana likizo kama watu wengine. Ng'ombe hukamuliwa tangu Agosti hadi Mei, asubuhi na alasiri, mvua au jua. Mwisho wa Mei hukaushwa maziwa, na mwanzo wa Agosti huanza kuzaa. Katikati kuna majuma machache ya baridi na matope ambayo ng'ombe hula turnipu tu, mizizi iliyopandwa kwa ajili ya baridi, na mtu yeyote mwenye gambuti anaweza kuwasogezea waya wa umeme unaowagawia chakula. Majuma hayohayo, kule juu ya dunia, Ulaya ina jua. Mwaka huu walikuwa wamemaliza kulipia shamba. Glenys alihesabu siku arobaini na tisa, kuanzia tarehe mbili Juni hadi ishirini Julai, na alikusudia kuzila zote.

Alipanga Ulaya kama anavyopanga nyasi, kwa sababu hakujua namna nyingine, na namna ile haikuwahi kumwangusha. Mwaka wa ukame mkubwa, majirani walipokuwa wanauza ng'ombe kwa bei ya kutupa, wake yeye walikula hadi siku ya mvua, na wanaume wenye mashamba mara mbili ya lake walikuja kusimama mbele ya ubao ule wakijikuna vichwa. Sasa kila nchi ilikuwa kitalu. Nchi za bei nafuu zilikuwa vitalu vyenye majani mengi, zikapewa siku nyingi. Nchi ghali zilipewa siku chache, na katikati yake ukapita usiku wa treni, ili kitanda na nauli viwe kitu kimoja. Ureno siku saba, Uhispania tisa, Ufaransa tatu tu.

"Na Uswisi?" Neville akauliza wiki ya pili, kwa sauti ya mtu anayejifanya hataki kujua. "Naona umeandika saa, hukuandika siku."

"Saa kumi na moja. Tunaingia asubuhi na chai yetu kwenye chupa, tunaangalia milima, jioni tumeshatoka."

"Kama ng'ombe kwenye kitalu kilicholowa!"

"Hivyohivyo. Unamwingiza akiwa na njaa, unamtoa kabla hajaharibu. Milima kuiangalia ni bure, mzee. Kulala chini yake ndiko kunakouma."

Neville akaguna. Lakini alipokuwa anakamua alasiri ile alijikuta akitabasamu mbele ya kiwele cha ng'ombe, na hilo halikumtokea mara nyingi.

Kanuni yake kubwa Glenys aliiandika juu kabisa, kwa wino mwekundu: TOKA KABLA HAZIJAISHA. Ndiyo kanuni ya malisho: ng'ombe usimwache ale mpaka udongo, mwache atoke nyasi zikiwa bado na kimo, ndipo kitalu kitarudi. Miji nayo hivyohivyo, alisema. Ukikaa mpaka uuchoke umeumaliza. Ondoka ukiwa bado unautaka.

Shanta lilipimwa kwa mizani ya ndama. Kilo saba, si zaidi, kwa sababu zaidi ya hapo ndege za bei rahisi hukamua abiria kuliko wanavyokamuliwa ng'ombe. Kisha yakaja mazoezi: kila asubuhi baada ya kukamua, wote wawili walipanda kilima cha nyuma wakiwa na mashanta yaliyojazwa pumba za ndama. Jirani yao, Murdoch Heenan, ndiye aliyekubali kusogeza waya Juni na Julai. Aliwaona siku ya kwanza, akasimamisha pikipiki yake ya magurudumu manne.

"Mnahama?" akauliza.

"Tunakwenda Ulaya," Neville akajibu, akihema.

"Kwa njia hii hamfiki."

"Cheka tu, Murdoch," Glenys akasema bila kusimama. "Wewe ulikwenda ukarudi na nini? Masharubu."

"Nilirudi na kumbukumbu, bibie."

"Masharubu yalikuwa mabaya. Naamini na kumbukumbu ni hivyohivyo."

Murdoch alicheka hadi akakohoa. Ila akawaambia tena, kwa sababu ni mtu wa kunyoosha maneno: waya atasogeza, turnipu atahesabu, lakini kuzalisha ng'ombe hapana. Mgongo wake ulikuwa umekwisha, na alikuwa na ng'ombe mia tano wake wa kumtosha.

"Kuzalisha nani?" Glenys akasema. "Agosti tumesharudi zamani."

Neville akaangalia viatu vyake.

Na hapa ndipo lazima tumseme Neville. Septemba iliyopita, Glenys akiwa Timaru kwa dada yake, Neville alimpata fahali wa Jersey kwa bei nzuri, mwezi mzima kabla ya wakati wake. Akamweka kitalu cha barabarani, jirani na mitamba arobaini waliokuwa hawajawahi kupandwa. Jumamosi akatoka mbio kuwahi mechi ya raga klabuni, na geti akaliacha wazi. Aliligundua siku ya nne. Fahali alikuwa amelala katikati ya mitamba akicheua, ametulia kama bwana harusi. Neville akamtoa, akafunga geti, akafunga na mdomo. Labda hakufanya kitu, alijiambia. Yeyote aliyewahi kukutana na fahali anajua labda hiyo ina thamani gani.

Mimba ya ng'ombe ni siku mia mbili themanini na mbili. Neville alizihesabu mara nyingi kuliko alivyohesabu kitu kingine maishani, na kila mara zilimfikisha palepale, tarehe nne, tano, sita, saba Julai. Mitamba watano, sita, huenda saba, wanaozaa kwa mara ya kwanza, kwenye matope, na yeye na Glenys wakiwa upande wa pili wa dunia.

Pasipo Ulaya ingekuwa aibu ndogo tu. Daktari wa mifugo angekuja Machi na mashine yake ya kupima mimba, Neville angejifanya kushangaa, mambo yakaisha. Lakini mstari wa buluu, ambao Glenys aliuchora kuonyesha njia yao, ulikuwa unatembea ubaoni siku hadi siku, ukavuka Italia, ukaingia Slovenia, ukashuka Kroatia na Bosnia kuelekea Montenegro na Albania, na ukapita juu ya Julai bila wasiwasi wowote.

Angesema mapema, ndiyo. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshatekwa. Alianza kwa kumkebehi mkewe, akaishia kukimbilia jikoni baada ya kukamua ili aone kitalu kipya. Alimwona akipiga simu saa za ajabu, akijaribu Kireno cha maneno kumi na mwenye hosteli mmoja mpaka akapunguziwa bei kwa sababu ya kumchekesha. Alimwona akigundua kwamba treni mbili za pole zilikuwa nusu ya bei ya treni moja ya kasi, tena zinapita kando ya bahari. Alijifunza kutamka Ljubljana, mji wa Slovenia, kwa kuwapigia ng'ombe kelele: "Lyu-bly-a-na! Sogea!" Alikuwa amelala kitanda kimoja na mwanamke huyu miaka thelathini na sita, akimsifu kwa mikono yake na kwa uvumilivu wake, na kumbe akili yake hajawahi kuiona ikiachiwa uwanja wote. Ilimtia fahari, na fahari ile ndiyo iliyomziba mdomo. Kila jioni roho ilimsuta, na kila jioni akajipa siku moja zaidi.

Siku zikamwishia Jumapili moja ya Februari. Jua lilikuwa kali, madirisha yote wazi, harufu ya majani makavu ikijaa jikoni. Glenys alikuwa mbele ya kompyuta, miwani puani, akiwa amevaa blauzi yake ya kanisani ingawa kanisani hakwenda.

"Njoo ukae hapa," akasema. "Nataka tubonyeze wote."

"Nini?"

"Kila kitu. Ndege, vitanda vya treni, mabasi ya kule mwisho. Kwa bei hii hawarudishi hata senti, kwa hiyo mzee, kama una neno sema sasa au nyamaza milele." Alikuwa anacheka. "Siku ya harusi yetu hukusema kitu."

"Siku ile sikuwa na neno."

Kidole cha Glenys kilikuwa tayari. Kilikuwa na kovu la waya, ukucha mfupi, ngozi ngumu. Neville akakitazama, akajua kwamba kikishuka, na yeye akiwa amekaa kimya pembeni, hatakuwa tena mume wa mtu.

"Usibonyeze," akasema. "Geti la kule barabarani. Septemba, ile Jumamosi ulipokuwa Timaru. Niliacha wazi."

Glenys hakuuliza geti gani wala kwa nini anamwambia habari za geti. Aliivua miwani.

"Fahali?"

"Fahali."

"Siku ngapi?"

"Nne."

Glenys akainuka, akaenda ubaoni, akasimama kwa muda midomo ikicheza. Kisha akaandika pembeni, kwa herufi ndogo safi: 4–7 Julai. Hesabu iliyomchukua Neville majuma, yeye aliifanya akiwa amesimama.

"Ulijua tangu Septemba," akasema.

"Nilijua."

"Na mimi nachora."

"Glen, nilitaka kusema, ila ulikuwa..." Akatafuta neno. "Ilikuwa nzuri mno."

"Geti kila mtu huacha wazi, Neville. Hata mimi. Lakini miezi hii yote ulikuwa unakaa kwenye kiti kile unanitazama." Aliposema jina Neville lote, bila kulikata, ndipo mumewe alipojua uzito wa jambo. Glenys akavaa gambuti na blauzi yake ileile, akatoka kukamua.

Walikamua ng'ombe mia tatu bila neno moja. Walisimama bega kwa bega ndani ya shimo la kukamulia, ng'ombe wakiwa juu yao, kama kila siku, mikono ikipishana bila kugusana, na Neville alitamani amtukane. Angemtukana, angejua pa kuanzia. Akaenda kulala akiwa na hakika kwamba asubuhi ubao utakuwa umefutwa na vitalu thelathini na sita vimerudi mahali pake.

Asubuhi, baada ya kukamua, aliingia jikoni akiogopa kuinua macho. Ulaya ilikuwepo. Lakini mistari ilikuwa miwili. Ule wa buluu na mwingine mwekundu ilikwenda pamoja kutoka Lisbon kule Ureno, ikapita Uhispania, Ufaransa, Uswisi na saa zake kumi na moja, Italia, hadi Ljubljana, tarehe ishirini na tisa Juni. Hapo ikaachana. Buluu iligeuka kurudi Venisi kwa basi la asubuhi, ikapanda ndege, ikafika nyumbani tarehe mbili Julai. Nyekundu ikaendelea, Kroatia, Bosnia, Montenegro, Albania, hadi ishirini Julai.

"Buluu ni wewe," Glenys akasema kutoka kwenye jiko. Alikuwa anakaanga mayai.

"Nimeona."

"Mitamba wanahitaji mtu mmoja. Hawahitaji wawili."

Neville akavuta kiti, akakaa. Angeweza kusema mwanamke wa miaka hamsini na saba haendi Albania peke yake na shanta. Alilifikiria hilo kwa muda mfupi kabisa, akalitazama lile shanta la kijani lililooshwa na kushonwa upya, likining'inia mlangoni, akaona ni upuuzi. Kulikuwa na mtu gani Otautau nzima, mwanamume au mwanamke, ambaye angefika Albania vizuri kuliko huyu?

"Ni mpango mzuri," akasema. "Ndio mzuri kuliko wa kwanza."

"Usinipake mafuta."

"Sikupaki. Ni mzuri, na mimi ndiye niliyekukosesha ule mwingine, na nasikitika."

Glenys akamwekea mayai mawili, halafu akasita, akaongeza la tatu. Baada ya chai akabonyeza. Wote wawili walikuwa na vidole pale.

Walikwenda, na kila kitu kilikuwa kama kilivyochorwa. Treni za pole zilipita kando ya bahari. Neville alilala kwenye kitanda cha treni kifupi kuliko yeye, akaamka nchi nyingine, akamwamsha mkewe kumwambia, kana kwamba yeye ndiye aliyeipanga. Uswisi walikula roli zao wenyewe mbele ya milima yenye theluji, wakatoka jioni bila kuacha senti. Kwenye kituo cha mabasi cha Ljubljana Glenys alimpa karatasi iliyokunjwa mara nne, hatua kwa hatua: basi, kiti, mahali pa kujaza maji, saa za kubadili ndege. Mstari wa mwisho aliuandika kwa wino mwekundu: Uwanjani angalia namba ya geti. Likishafungwa, limefungwa.

Neville aliisoma basi likiondoka. Alimwona kupitia dirisha, mwanamke mfupi mwenye shanta la kijani, ameshageuka kutafuta basi lake. Alilia kidogo hadi mpakani, na hakujali nani anamwona.

Tarehe tano Julai, kukiwa na barafu kwenye nyasi, mtamba namba kumi na nne akawa wa tatu kuzaa, baada ya wenzake wawili wa jana. Ndama alitanguliza mguu mmoja, na Neville alipiga magoti kwenye matope karibu saa nzima kuutafuta wa pili. Ndama alikuwa jike. Akampa jina Sarajevo, mji mwingine wa mstari mwekundu, kwa sababu yule wa kwanza alishamwita Ljubljana, na miji iliyobaki aliwawekea ndama waliokuwa bado. Akarudi jikoni, akanawa mikono, akaenda ubaoni na kuisogeza sumaku ya ng'ombe. Aliisogeza kwa uangalifu, hadi Kotor, Montenegro, kama mpango ulivyosema.

Saa tisa alasiri simu ikalia. Kule ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Glenys alikuwa ameshaamka, saa ya kukamua ikiwa bado mwilini mwake.

"Wangapi?" akauliza.

"Watatu. Wa leo alitanguliza mguu mmoja. Mzima, na mama yake mzima."

"Mikono yako?"

"Imeganda. Uko wapi? Usiniambie, najua. Kotor."

"Kotor. Nev, kuna ngome huku, imepanda mlima wote. Ngazi zaidi ya elfu moja. Jana nilipanda."

"Na kule juu kukoje?"

Neville alisikia kengele ya kanisa kwa mbali, upande ule.

"Sijui," Glenys akasema. "Nilifika katikati, nikateremka. Kule Mostar, Bosnia, daraja nililiona kutoka upande mmoja, sikuvuka. Nimefanya hivyo kila mahali tangu Ljubljana. Nakula nusu, natoka."

"Kwa nini? Umefika mpaka huko, Glen, panda!"

"Nusu ya juu ni yako, mjinga wewe. Nimekuachia nyasi. Mwakani tunaanzia hapa."

Neville alisimama mbele ya ubao, mkono umeshika sumaku, akitazama ule mstari mwekundu aliodhani ni adhabu yake.

"Upo?"

"Nipo."

"Sasa niambie. Septemba fahali utamweka wapi?"

"Kwa Murdoch. Siku zote. Simleti hapa mpaka wakati wake."

"Na geti?"

"Nitalifunga kwa mnyororo."

"Leo umelifunga?"

"Glen, kitalu kile hakijakaa fahali tangu kabla ya Krismasi."

"Sikukuuliza habari za fahali," akasema, na Neville akamsikia anacheka.

Waliagana. Neville akavaa gambuti na koti lake, akatoka kwenye baridi, akashuka hadi barabarani kwenda kuliangalia geti.